Mvua na Kibodi Yake ya Chuma

Jina la Mvua hakupewa na wazazi wake, ambao walikuwa watu makini na walimchagulia jina la heshima ambalo siku hizi linatumika benki tu. Alipewa na jirani wa upande wa pili wa ukuta, mama mmoja ambaye mchana wa jua kali alitoka mbio kuanua nguo kwa sababu alisikia matone makubwa yakipiga bati. Nguo zilipokwisha kuingia ndani, mama yule alisimama uani, beseni kiunoni, akaitazama mbingu isiyo na hata wingu la kusingizia. Kisha akalitazama dirisha la jirani yake. Ndani ya dirisha lile mwanamume wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, alikuwa anamwandikia mtu asiyemjua kwamba hajui anachokisema.

Kelele ile ilitoka kwenye kibodi. Mvua aliiokota siku ofisi moja ilipokuwa inatupa vitu vyake vya zamani, akaibeba kifuani kama mtu aliyenusuru mtoto kwenye moto. Ilikuwa na uzito wa tofali, rangi ya meno ya mvutaji sigara, na chini ya kila kitufe springi yake ya chuma. Iliwahi kumwagikiwa chai yote ya birika. Mvua aliigeuza kichwa chini, akaikung'uta, akaendelea na sentensi aliyoiacha. Kibodi za siku hizi, alipenda kusema, zimetengenezwa kwa mpira ule ule wa kandambili na zitadumu muda ule ule. Kibodi ambayo huwezi kumpigia mwizi, kwake, haikuwa kibodi.

Maoni yake hayakuishia hapo. Kufungua simu kwa alama ya kidole alikuona ujinga ulionakshiwa. "Nywila ikiibiwa unabadilisha," alimweleza shemeji yake aliyekuja kuwatembelea. "Kidole kikiibiwa, utaomba kingine wapi?" Shemeji hakuwa ameuliza habari za kidole. Alikuwa ameomba nywila ya intaneti ya pale nyumbani, na aliondoka baada ya wiki bila kuipata, ingawa alikuwa amepata elimu. Kamera ya kompyuta ilizibwa kwa plasta ya hospitali, iliyotoka kwenye roli ile ile iliyofunga miwani. Mkewe, mkunga, aliileta ile roli kwa matumizi mengine kabisa.

Ila mapenzi makubwa ya Mvua yalikuwa jukwaa. Jukwaa lilikuwa mahali mtandaoni ambapo watu waliojipa majina ya ajabu walibishana kuhusu mambo ambayo walimwengu wengine hawajui kama yana pande mbili. Je, msimbo wa programu uwe wazi kwa kila mtu au ufungwe? Masasisho yajiweke yenyewe au yaombe ruhusa? Mashine inayoandika yenyewe ni msaidizi au ni mwizi mwenye adabu? Mvua alikuwa na jibu kwa kila swali, na kwa kila jibu alikuwa na adui mmoja, yule yule, aliyejiita Kidole Kimoja. Huyu aliandika kila kitu kwenye kioo cha simu kwa kidole gumba na aliamini kibodi zote ni mabaki ya ustaarabu uliopotea. Walikuwa hawajawahi kuonana, wala hawajawahi kukubaliana hata mara moja. Mvua alimfikiria kila siku.

Basi hali ilikuwa hivyo mwaka ule ambao shirika la maji lilimwahidi ajira ya kudumu.

Kwa muda mrefu Mvua alikuwa fundi wa kompyuta wa shirika hilo kwa mikataba mifupi mifupi, ile ambayo mtu akinunua kabati jipya la kuitunzia, kabati linadumu kuliko mkataba. Hakuwa na meza ofisini, alifanyia kazi nyumbani na kuitwa mashine zikikwama. Mkurugenzi, mama mwenye sauti ya chini na kalamu nyekundu, alimwita akamwambia: "Niandikie mwongozo wa usalama wa kompyuta kwa wafanyakazi wote. Uwe mezani kwangu mwisho wa mwezi, Ijumaa saa sita. Ukinifurahisha, nafasi ni yako. Usiponiletea, nitamwajiri yule kijana wa benki aliyeleta maombi." Mvua alifika nyumbani akiwa amenyooka kama aliyemeza rula. Mkewe alipiga vigelegele hadi jirani akauliza kama ni mapacha.

Hiyo ilikuwa mwanzo wa mwezi. Wiki ya pili, mama mkwe akaja.

Alikuja kusubiri upasuaji wa mtoto wa jicho, akapewa chumba kinachopakana na kile cha kompyuta. Alikuwa katibu muhtasari mstaafu. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika vyumba vyenye wasichana kumi na tano na mashine kumi na tano za kupiga chapa, na kabla macho hayajaingia ukungu tayari masikio yake yalikuwa yanajua ni msichana gani anaandika barua ya idara na ni yupi anamwandikia mchumba. Sasa hakuwa na la kufanya ila redio na ukuta. Redio ilimchosha.

Siku ya tatu, mezani, alisema: "Mkwe wangu anafanya kazi sana."

"Namwona," alisema mkunga kwa fahari.

"Asubuhi anafanya kazi kidogo. Halafu anagombana na mtu mpaka mchana. Anapumzika, anagombana tena."

Mvua aliweka kijiko chini. "Mama, mimi naandika mwongozo."

"Mwongozo unakwenda taratibu, baba. Mtu anaandika, anasimama, anafikiri, anaandika. Ugomvi hausimami. Na ukifika mwisho wa ugomvi unapiga kile kitufe kikubwa kama unampiga kofi."

Mkunga alimtazama mumewe kwa jicho lile analomtazamia mama mjamzito aliyesema hajala chochote tangu jana huku ana makombo kidevuni. "Baba Watoto. Mwongozo umefika wapi?"

"Uko ndani ya fikra."

"Mimi nimezalisha wanawake wa kila aina. Mimba zote nilizoziona zilikuwa na mwisho. Hiyo yako sijaona hata tumbo."

Akatoa amri. Ugomvi mwiko mpaka mwongozo uishe. Na kwa kuwa Mama yuko pale pale ukutani, hapatahitajika ukaguzi mwingine. Mama aliupokea wadhifa huo bila kujivuna, ila kesho yake alisogeza kitanda karibu na ukuta.

Mvua alijitahidi siku mbili nzima. Siku ya tatu Kidole Kimoja aliandika kwamba kibodi zenye kelele ni za watu wanaotaka majirani wajue kwamba wana kazi. Huwezi kumwachia mtu sentensi kama hiyo. Mvua alijaribu kujibu polepole, akikizuia kila kitufe kisilie, kama anayetembea juu ya bati la jirani. Jibu la mistari mitatu lilimla saa nzima. Kutoka ng'ambo ya ukuta ilisikika sauti ya upole: "Baba, unagombana kwa kunyata?"

Kesho yake Mvua alitoka na kurudi na mfuko mwembamba uliofichwa ndani ya gazeti. Kanunua kibodi ya mpira.

Mtu asiyemjua hawezi kupima aibu hiyo. Ni sawa na mkunga kusema mwenyewe watoto hununuliwa dukani. Aliiweka mezani, akaigusa kwa ncha za vidole. Ilibonyea kama kidonda. Haikutoa sauti yoyote. Kwa kutumia kitu hicho hicho aliandika kurasa mbili za utetezi wa kibodi za chuma, zikiwemo hoja kuhusu heshima ya mtu kusikika, na nyumba nzima haikusikia.

Kwa mkewe alisema ameamua kumpumzisha Mama na kelele. Mkunga aliguswa, akampikia vizuri siku hiyo. Kwa Mama alisema maneno hayo hayo, na Mama akasema: "Basi ile ya zamani nipe mimi. Vidole vyangu vinakufa ganzi."

Mkwe hamnyimi mama mkwe kibodi. Mvua aliichomoa waya, akaipangusa, akampelekea kwa mikono miwili. Mama aliipakata, akatafuta kwa kupapasa vile vitufe viwili vyenye alama kwa ajili ya wasioangalia, akaanza. Haikuwa imechomekwa popote. Alipiga barua za zamani alizozikumbuka kichwani, kuanzia "Tafadhali rejea barua yako" hadi "Ninayo heshima kuwa". Mvua ya bati ikarudi nyumbani, sasa ikinyesha chumba cha pili, na jirani akaanua nguo mara nyingine kwa mazoea.

Siku zikapita hivyo, Mama akiandika bila kompyuta na mkwewe akibishana bila sauti. Mkunga, akirudi zamu, aliuliza tu, "Unaendelea?" na Mvua alijibu kweli tupu kwamba anaendelea.

Alhamisi, siku moja kabla ya siku ya mwisho, baada ya chakula cha mchana, Mvua aliamua kumaliza mwongozo. Alikuwa na utangulizi tayari, wa moto, pamoja na vichwa vya sehemu zote na maelezo aliyokusanya mwaka mzima kuhusu kila mashine ya shirika. Kazi ya mchana mmoja na asubuhi moja, kwa mtu mwenye ghadhabu. Vyote vilikuwa ndani ya folda iliyofungwa kwa nywila.

Hapa inabidi kuieleza nywila hiyo. Haikuwa neno. Ilikuwa ajali. Ilikuwa na herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama ambazo watu wengine huzitumia kutukania kwenye katuni, na urefu wake ulipita akili ya kawaida. Siku alipoitunga aliiandika kwenye karatasi, akaifanyia mazoezi mpaka vidole vikaishika, akaichoma karatasi. Kichwani hakuwa nayo. Alijivunia jambo hilo. Hata ukinitesa, aliwahi kuandika jukwaani, sina cha kukuambia.

Aliweka vidole juu ya mpira. Folda ikakataa.

Akajaribu tena, taratibu. Ikakataa. Vidole vilikuwa vinasubiri springi, kule chini, ikiambie kila kimoja kwamba zamu yake imekwisha na mwenzake aingie. Mpira haukuviambia kitu. Mara ya tatu vilipotea katikati kama watu waliozimiwa taa ukumbini. Na ndipo likatokea onyo jekundu ambalo Mvua alilifahamu vizuri mno, kwa sababu alilitega mwenyewe dhidi ya wezi: limebaki jaribio moja, baada ya hapo vyote vitafutwa. Nakala ya akiba ilikuwepo, bila shaka. Mtu makini kama yeye hawezi kukosa nakala ya akiba. Ilifungwa kwa nywila ile ile na mtego ule ule.

Chumba cha pili Mama alikuwa anaandika "Ninayo heshima kuwa".

Mvua alibisha hodi. "Shikamoo Mama."

"Marahaba. Tumesalimiana asubuhi."

"Nilikuwa nataka niisafishe hiyo kibodi kidogo. Vumbi."

"Jana umeisafisha."

"Springi zinahitaji kukaguliwa."

"Zote zinalia vizuri. Nimezikagua." Vidole vya Mama havikusimama. "Sema unachotaka, baba. Umesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa."

Mvua alikuwa ameanza uongo wa tatu mlango wa mbele ulipofunguka. Mkunga alikuwa ametoka zamu, amechoka, viatu mkononi. Akamwona mumewe mlangoni kwa mama yake, uso umemshuka, akauliza nani amekufa.

Ikabidi kusema. Alisema kwa lugha ya kitaalamu kadiri alivyoweza: kwamba kuna uhusiano kati ya kumbukumbu ya vidole na kina cha kitufe, ambao wataalamu hawajaupa uzito unaostahili. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja nielewe," alisema. "Paswedi inakubali kwa kibodi ya Mama tu."

"Kwa maneno mepesi, ndiyo."

"Na hii ya mpira umenunua lini?"

Mvua alitaja siku, kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo tangu siku hiyo hujaufungua huo mwongozo hata mara moja. Umekaa humo ndani na kinyamavu chako, mimi nakupikia, na ulikuwa unafanya nini?"

Jibu halikuhitajika. Mama alikuwa amekwisha kulijua. "Nilishangaa," alisema. "Mtu anafanya kazi kimya, halafu anacheka peke yake."

Mkunga aliketi kitandani. Hakupaza sauti, ingawa Mvua angependelea apaze. "Nimewaambia wenzangu wodini," alisema. "Nimewaambia mume wangu anaajiriwa. Nimechoka kila mkataba ukiisha tunakaa hapa tunatazamana kama tunaosubiri majibu ya vipimo. Ukipoteza hii kwa ajili ya mtu anayeitwa Kidole, mimi sijui nitawaeleza nini."

Mama aliinua kibodi, akainyoosha mbele kuelekea sauti ya mkwewe ilikotoka. "Chukua. Lakini unaandikia hapa hapa, mbele yangu."

Kompyuta ikahamishiwa meza ya Mama. Mvua akachomeka waya, akaweka vidole, akasita.

"Mama, samahani. Nywila haitakiwi kusikiwa na mtu."

"Mimi sioni, baba."

"Ndiyo maana naogopa."

Mkunga alifungua redio mpaka mwisho. Tangazo la magodoro likajaa chumbani. Kisha akaenda jikoni akafungua bomba likamwaga maji kwenye sufuria, na Mama, kwa hiari yake, akajifunika mto masikioni. Mvua alifumba macho. Vidole vilikataa. Vilikuwa vinajua vinatazamwa na kichwa, na kichwa hakikuwa na habari yoyote ya kuvisaidia. Ilibidi kichwa kiende mahali pengine. Alijaribu kufikiria bahari, hakufika. Alijaribu kufikiria mshahara, vidole vikaanza kuhesabu. Mwishowe alimfikiria Kidole Kimoja, amejilaza kwenye kochi mahali fulani, anaandika kwa gumba kwamba majirani, majirani, na damu ikampanda, na kabla hajamaliza hasira yake alikuwa amekwisha kukipiga kile kitufe kikubwa kama anayempiga mtu kofi.

Folda ikafunguka.

Mkunga alizima redio. "Umemfikiria nani?"

"Hakuna," alisema Mvua.

Aliandika mchana ule na asubuhi iliyofuata, Mama ameketi kando yake na mikono mapajani. Kila vitufe vilipoanza kukimbia alikohoa.

"Hapo unagombana."

"Mama, hii ni sehemu ya masasisho."

"Unamgombeza nani?"

"Wafanyakazi wasiosasisha."

"Waandikie kama watu, baba. Nao wana mama zao."

Mvua alifuta aya nzima kuhusu uvivu wa binadamu, akaweka sentensi mbili. Ilitokea hivyo mara nyingi kiasi kwamba mwongozo ulitoka mfupi, wa adabu, na unaosomeka, sifa ambazo maandishi yake hayakuwahi kushtakiwa nazo. Sehemu moja tu Mama hakukohoa, kwa sababu alikuwa amesinzia. Ilikuwa ya nne, iliyohusu vifaa kutoka nyumbani, na Mvua aliiandika kwa roho yake yote: kifaa chochote kisichonunuliwa na ofisi kisichomekwe kwenye mashine ya ofisi, wala kisipite getini, bila kujali cheo cha mwenye nacho wala mapenzi aliyo nayo kwa kifaa hicho.

Mkurugenzi aliupokea Ijumaa kabla ya saa sita. Jumatano alimwita Mvua, akamwonyesha mwongozo wenye alama moja tu ya kalamu nyekundu, tiki pembeni ya sehemu ya nne, akampa barua ya ajira. Mkunga aliisoma barua ile kwa sauti mara mbili, ya pili kwa ajili ya jirani.

Siku ya kuanza kazi, Mvua aliomba kibodi kwa Mama, kwa heshima zote, na Mama akairuhusu iende kazini kwa kuwa ni ya kazi. Aliifunga kwa taulo. Getini mlinzi alimsalimu, akaigusa taulo, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani tangu asubuhi.

"Sehemu ya nne, mzee."

"Sehemu ya nne nimeiandika mimi."

"Basi huna haja ya kuelezwa."

"Hii ni tofauti. Hii ni kibodi."

Mlinzi aliisoma tena karatasi, kidole kikifuata mstari. "Bila kujali mapenzi aliyo nayo," alisema, akiwa na huzuni ya kweli. Kibodi ikabaki kibandani mwake mpaka jioni, iliporudi kwa Mama moja kwa moja.

Meza ya Mvua ilikuwa karibu na dirisha, na juu yake ilikaa kibodi mpya ya mpira, nyembamba kama kadi ya mwaliko. Alifanya kazi asubuhi nzima na hakuna aliyegeuza kichwa. Wenzake walipokwenda kula, alibaki, akachukua simu yake mwenyewe kwa kuwa jukwaa si kazi ya ofisi, na kwa kidole gumba, polepole, akafungua mjadala mpya: juu ya ofisi zinazowakataza watu kutumia kibodi zao, na ni mtu wa akili gani anayeweza kutunga kanuni ya namna hiyo. Ili watu waone ukubwa wa dhuluma, akainukuu neno kwa neno.

Kidole Kimoja alijibu kabla ya wote. Aliandika kwamba ameisoma kanuni hiyo mara mbili, kwamba ni fupi, ya haki na imeandikwa vizuri, na kwamba katika miaka yote ya kubishana jukwaani hajawahi kukutana na mtu anayejua usalama kama huyo aliyeitunga, na angependa sana kumpa mkono.

Mvua alikaa na gumba hewani. Wenzake walirudi kutoka kula, wakavuta viti, wakawasha mashine zao. Gumba lilikuwa bado hewani.